Kipanga Uani kwa Bi Sitara

Bi Sitara binti Safari alikuwa mpepetaji wa nafaka. Mwaka wa sabini na mbili, nilipopanga chumba nyumbani kwake Mtaa wa Sikukuu, hapakuwa na muuza mchele Kariakoo ambaye hakumjua. Gunia likifika na mawe na makapi, huitwa wanawake watatu wanne, wakakaa kwenye turubai, wakapepeta mpaka mchele utoke safi. Yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Alikuwa mwembamba, mrefu, amepita miaka hamsini, mikono yake ina misuli ya mchukuzi. Na alikuwa na mdomo. Mimi nimelelewa Kibosho, kwa mama ambaye mwanamume akiingia ndani alishusha sauti. Jina langu Mektilda, na nilikuja mjini kufundisha shule ya msingi. Wiki yangu ya kwanza pale nilimsikia Bi Sitara akimwambia tajiri mmoja wa mchele, mlangoni, mbele za watu: "Mchele wako mchafu na maneno yako machafu. Nitasafisha kimoja. Chagua." Yule bwana akachagua mchele.

Nyumba aliirithi kwa mama yake. Vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma uani: jiko na choo vilivyotengwa na uchochoro mwembamba, na ua wa bati uliotutenga na majirani. Katikati ya uani kulikuwa na kinu kilichopasuka, hakitwangi tena, na juu ya kinu ameweka ungo mkuukuu. Kila siku baada ya swala ya alasiri alirudi na kifurushi cha masazo yaliyofagiwa gulioni: chenga, makapi, mahindi yaliyotobolewa na fukusi, vumbi na vijiwe ndani yake. Hiyo ilikuwa haki ya mpepetaji, kuzoa kinachobaki chini. Alikimimina kile kifurushi kwenye ungo, akajaza maji kwenye kigae cha chungu, akarudi nyuma hatua kumi akakaa mlangoni pa jiko. Basi wanashuka. Shomoro kwanza, kwa kelele. Halafu chiriku, na mnana mmoja mmoja mwenye rangi ya ndimu. Tetere huja mwisho, wawili wawili, wanatembea kama watu wanaokwenda kutoa rambirambi.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anawalisha.

"Nawapenda."

"Basi tu?"

"Basi tu. Wewe Jumapili unakwenda kanisani. Nimewahi kukuuliza kwa nini?"

Wako waliosema mtaani kwamba amewafanya ndege watoto wake. Yalipomfikia hayo alicheka kwa hasira, akamwambia aliyeyaleta: "Aliyekutuma mwambie watoto wangu wawili wako Tanga, wameoa, na wajukuu ninao. Ndege ni ndege."

Mwaka wa sabini na nne mvua zilikataa. Mtaani tukaanza kupanga foleni ya unga wa njano, ule watu walioubandika jina la Yanga kwa rangi yake. Mtu anatoka usiku wa manane kuweka jiwe lake kwenye mstari wa duka la ushirika. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, kipanga akaja.

Ilikuwa Jumamosi, nafua nguo zangu. Ungo umejaa ndege. Sikusikia kitu. Niliona kivuli tu kimepita baina ya jiko na choo, chini chini, kimo cha kiuno changu, kikapanda ghafla, na ndege wote wakalipuka kama changarawe iliyorushwa. Nilipoinua kichwa, ungo ulikuwa mtupu na manyoya ya kijivu yanashuka polepole kwenye povu la sabuni yangu. Bi Sitara alikuwa amesimama na upawa mkononi.

"Umemwona?"

"Nimeona kivuli."

"Kipanga. Amechukua tetere." Akatazama angani kwa muda mrefu. Halafu akasema, si kwangu, "Umekosea nyumba."

Alirudi siku ya pili na ya tatu. Katika wiki moja alichukua tetere wawili, shomoro watatu, na chiriku mmoja aliyekuwa na desturi ya kunywa maji kabla ya kula. Bi Sitara alijaribu kusimama na fagio karibu na ungo. Kipanga hakuja, lakini na ndege hawakuja. Akatundika vifuniko vya makopo kwenye kamba, vinang'aa na kugongana upepo ukivuma. Vilisaidia siku mbili. Siku ya tatu kipanga alipita katikati ya vile vifuniko kama mtu anayesogeza pazia la mlango.

Mimi nikampa ushauri niliousikia kwa mwalimu mwenzangu. "Bi Sitara, pumzisha ungo wiki mbili tatu. Ndege watatawanyika, naye akikosa windo ataondoka zake."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. "Nifunge mlango wangu kwa sababu ya mwizi? Thubutu! Afunge yeye mdomo wake."

Ushauri haukuwa mbaya, na mpaka leo sidhani ulikuwa mbaya. Lakini sikuurudia.

Upande wa pili wa ua wa bati walikaa Wilbert na mkewe Clotilda, watu wa kwetu, kutoka Marangu. Wilbert alikuwa na duka la misumari, makufuli na rangi linalotazama barabara. Clotilda, tuliyemwita Mama Gaudens kwa jina la mwanawe mchanga, alifuga kuku uani kwake, na mwaka ule wa njaa kuku walikuwa kitu. Siku moja alikuja kwetu bila kubisha hodi, mkononi ameshika bawa la kifaranga.

"Tisa, Bi Sitara! Vifaranga tisa mwezi huu!"

"Pole, Mama Gaudens. Karibu ukae."

"Sikai. Hao ndege wako ndio wanaomwita huyo mnyang'anyi. Ukiwalisha wewe, anakula kwangu."

Bi Sitara alilichukua lile bawa, akaligeuza geuza. "Aliyechukua vifaranga wako ulimwona?"

"Nilimwona. Alizunguka juu, akazunguka, akashuka kwa kucha."

"Mkia wake una panda, kama umekatwa katikati?"

Clotilda akasita. "Una panda."

"Huyo mwewe. Mwewe amekuja kwa matumbo yanayotupwa huko machinjoni na majalalani, hakuja kwa chenga zangu. Wangu ni kipanga. Mdogo, mkia umenyooka, hazunguki juu hata siku moja. Huja chini kama mdeni anayekwepa. Hawa wawili hawajuani."

"Mwewe, kipanga, mimi sijui elimu hiyo. Ninachojua kabla ya ungo wako vifaranga walikua."

"Ungo huu uko hapa tangu hujazaliwa, Mama Gaudens."

Clotilda akanigeukia mimi, akanisemesha Kichagga, nimpe mwenye nyumba wangu akili. Nilijibu kwa Kiswahili, ili Bi Sitara asikie, kwamba mimi ni mpangaji tu. Lilikuwa jibu la woga na wote wawili walilijua. Clotilda akaondoka kwenda kwa balozi.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Ndugu Bushiri, fundi cherehani mstaafu, mtu wa haki kwa kawaida yake, lakini mwaka ule alikuwa amechoka. Kila siku anaamua ugomvi wa foleni. Akaitisha kikao barazani kwake siku ya Jumapili saa kumi. Tulikwenda wote, watu kama thelathini, wengine wamekuja kwa sababu hawana la kufanya.

"Ndugu zangu," balozi alianza, "taifa liko kwenye shida ya chakula. Wenzetu wanaambiwa walime kufa na kupona. Na hapa mtaani kwetu yupo mtu anamwaga nafaka kila siku, anawapa ndege. Mbali na hilo, ndege hao wanaleta kipanga, kipanga anamaliza kuku wa wenzake. Bi Sitara, si desturi yangu kuingia uani kwa mtu. Lakini ungo ule uondoke kabla ya Ijumaa."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja nyuma akasema, "Watu hawana unga, ndege wanakula!" na wengine wakaitikia.

Bi Sitara alisimama. Nilikuwa nimeshangaa njiani kwa nini amebeba kifurushi chake kwenda kikaoni. Alitembea mpaka kwa balozi, akakifungua, akakimwaga miguuni pake, juu ya mkeka wa kikao.

"Ndugu Balozi, hiyo ndiyo nafaka ninayomwaga. Ya jana. Sijaichagua. Chota humo chakula cha mtoto mmoja, mbele ya watu hawa, na mimi ungo nauondoa leo, wala sisubiri Ijumaa."

Balozi alitazama. Kila mtu akanyoosha shingo. Vumbi, mawe, makapi, kinyesi cha panya, mahindi matupu yenye matundu, na fukusi mmoja aliyeanza kutembea kuelekea kwenye kandambili ya balozi.

"Chota, Ndugu Balozi. Taifa linakusubiri."

Mwanamke mmoja akapasuka kicheko, kikaambukiza. Balozi mwenyewe alizuia tabasamu kwa shida, halafu uso wake ukakaza, maana hakuna kiongozi anayependa kuchekwa kwenye baraza lake.

"Haya. La nafaka limekwisha. La kipanga bado. Bi Sitara, nakupa wiki mbili, mpaka Ijumaa ya pili kuanzia leo. Kipanga aondoke, au ungo uondoke."

"Sikukuomba wiki mbili."

"Nimekupa."

"Basi ziweke. Ataondoka. Lakini ujue ataondoka kwa sababu nataka mimi, si kwa sababu umesema wewe." Akapiga magoti, akazoa takataka zake zote mpaka punje ya mwisho, akafunga kifurushi, akaaga.

Siku zilizofuata alifanya jambo nililoona la ajabu. Hakufanya kitu. Jioni tatu mfululizo alikaa mlangoni pa jiko kwenye mkeka, mikono mapajani, akitazama. Kipanga alikuja mara mbili, mara moja akapata, mara moja akakosa. Bi Sitara hakuinuka wala hakupiga kelele. Jioni ya tatu aliniita.

"Mwalimu, kaa hapa nilipokaa. Unauona ule mti wa mkungu kwenye kona ya Wilbert? Anakaa pale, kwenye tawi la chini, ndani ya majani. Ndege wakishughulika kula, anajiachia. Hapiti juu ya paa. Anapita kwenye uchochoro wa jiko na choo, amejificha na ukuta, mpaka afike pale kwenye pipa ndipo anapanda. Ndege wanamwona akiwa ameshafika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kosa ni langu." Alilisema hilo bila kulainisha sauti, kama anavyosema mengine. "Nimewawekea chakula peupe, katikati ya uwanja, hakuna pa kukimbilia. Miaka yote hii walikula kwa bahati. Yeye nimemwachia mlango wazi nikawa namlaumu kwa kuingia."

Asubuhi yake hakwenda kupepeta. Alichukua panga akatembea mpaka ng'ambo ya Mchikichini, kwa mtu anayemfahamu mwenye ua wa michongoma. Alirudi adhuhuri na mzigo wa matawi yenye miiba kichwani, amepita nao Mtaa wa Msimbazi wote, kanga imechanika begani. Vijana wa vibandani walimtania. "Bi Sitara, unajenga zizi?"

"Zizi, ndiyo. Njoo nikufunge."

Alikwenda na kurudi siku mbili. Kinu na ungo alivisogeza kutoka katikati ya uani mpaka pembeni, ukutani mwa jiko, na kukizunguka kinu akasimika matawi ya mchongoma, akayafungamanisha kwa kamba za minazi mpaka yakawa kama kibanda cha miiba, kimo cha mtu. Akaacha matundu ya upana wa vidole vitatu. Shomoro anapita. Chiriku anapita. Kipanga akijaribu anaacha macho. Mpangaji mmoja, mpishi wa hoteli, alilalamika kwamba miiba imemkwaruza akienda chooni. "Choo kina njia mbili," alijibiwa.

Ulibaki uchochoro. Hapo Bi Sitara alimwendea kaka yake Kitwana, mvuvi wa Magogoni, akarudi na kipande cha wavu wa zamani wenye matundu madogo. Tuliufunga wote wawili, yeye juu ya ngazi mimi chini nikishikilia, kutoka kwenye boriti ya jiko mpaka kwenye boriti ya choo, ukining'inia mlegevu kama pazia. Watu tulipita kwa kuuinua pembeni.

Kwa siku nne ndege walikiogopa kile kibanda. Walikaa juu ya bati wakakitazama, wakasema mengi. Ungo ulibaki umejaa. Niliona hofu usoni kwake kwa mara ya kwanza, jioni ya nne, ingawa hakuisema. Siku ya tano shomoro dume mmoja aliingia, akatoka, akaingia tena. Jioni hiyo kibanda kizima kilikuwa kinatetemeka kwa mabawa. Tetere tu ndio hawakuingia. Matundu yalikuwa madogo kwao. Walitembea chini, nje ya miiba, wakiokota kinachodondoka.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, nilikuwa nakwenda kuanika kitambaa cha meza kwenye ua wa bati nikaona kitu juu ya ukingo, upande wa Wilbert. Kipande cha utumbo wa kuku, kimewekwa vizuri, kimepakwa unga wa kijivu. Kingine kilikuwa mbele kidogo, kwenye paa la jiko letu. Nilimwita Bi Sitara. Aliinama akanusa kwa mbali.

"Sumu ya panya," alisema. Uso wake ulibadilika, ukawa mtulivu kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele zake.

Alileta koleo la jikoni na kopo tupu. Aliviokota vile vipande vyote viwili, akakagua ua mzima mpaka akapata cha tatu kimeanguka chini karibu na kigae cha maji. Akatoka mlango wa mbele na kopo lake, mimi nyuma yake, akaingia dukani kwa Wilbert. Wateja wanne walikuwa ndani. Akaliweka kopo juu ya meza ya duka, katikati ya makufuli.

"Wilbert, nimekurudishia chakula chako."

Wilbert aliangalia ndani ya kopo, akaangalia wateja. Alikuwa mtu mpole kwa kweli, si mtu wa ugomvi. "Bi Sitara, ile ni kwa ajili ya mwewe. Nataka yaishe. Si wewe unayetaka yaishe?"

"Mwewe akila sumu yako anaanguka wapi? Una uhakika ataanguka baharini? Ataanguka uani kwangu au uani kwako. Paka atamla. Kuku wako watamdonoa, na nyinyi mtamla kuku. Na hiki kimoja kilishaanguka chini, Wilbert, chini! Kesho kingeangukia kwako. Yule mtoto wako anayetambaa anatia kila kitu mdomoni, nimemwona kwa macho yangu anatafuna kuti."

Pazia la nyuma ya duka lilifunguka. Clotilda alikuwa amesimama, Gaudens mgongoni.

"Hii nini, Wilbert?"

"Mama Gaudens, ingia ndani."

"Nimekuuliza hii nini." Alisogea akatazama kopo. Kisha akasema kwa Kichagga maneno ambayo sitayaandika hapa, na wateja ambao hawakuyajua walielewa kabisa maana yake. Akachukua lile kopo mwenyewe, akamwambia mumewe atoe pakiti iliyobaki, yote, na aende akaitupe kwenye shimo la choo yeye akimtazama. Wilbert alikwenda. Kabla ya kumfuata, Clotilda alimwambia Bi Sitara, bado kwa sauti ya ukali, "Sijakusamehe vifaranga wangu."

"Sijakuomba," alisema Bi Sitara. Lakini alimgusa Gaudens mguuni alipopita.

Alhamisi, siku moja kabla ya muda wa balozi kwisha, kipanga alijitupa kutoka mkungu kama kawaida yake. Tulisikia kishindo laini, halafu kelele kali, ki-ki-ki. Wavu ulikuwa umemmeza. Alikuwa ananing'inia katikati ya uchochoro, bawa moja limefunguka, amejizungushia nyuzi kila alipojitahidi. Habari ilifika mtaani kabla hatujapata pumzi. Uani ukajaa. Wilbert alikuja, Clotilda alikuja, na balozi Bushiri akaja amevaa shati vibaya.

Nilimsogelea nikashangaa. Yule aliyetutesa mwezi mzima alikuwa mdogo, mwili wake haukuzidi wa njiwa. Kifua kina michirizi myembamba ya kahawia, miguu ya njano, jicho la njano lisilopepesa.

"Amepatikana," alisema balozi. "Achinjwe, mambo yaishe."

"Mpige hapo hapo kwenye wavu," alisema yule mpishi, na akawa ameshaokota mchi.

Bi Sitara alisimama baina yao na wavu. "Weka mchi chini."

"Bi Sitara," balozi alisema, "wewe ndiye adui yake wa kwanza!"

"Ndiyo. Nimemkamata mimi, kwa wavu wangu, uani kwangu. Hukumu natoa mimi. Hakuna mtu alinisaidia kumkamata ila Mwalimu, naye alishika ngazi."

"Ukimwachia atarudi."

"Akirudi atanikuta. Mimi nilisema ataondoka, Ndugu Balozi. Sikusema atakufa. Kazi ya kuua ndege anayetafuta chakula mwaka huu wa njaa nawaachia nyinyi wenye roho hiyo."

Mpishi aliuegesha mchi ukutani. Bi Sitara alivua kanga ya juu, akamfunika kipanga kichwa, akaanza kukata nyuzi moja moja kwa kisu cha jikoni. Kucha zilipenya kanga zikaingia kwenye mkono wake mara mbili, damu ikashuka mpaka kwenye kiwiko. Clotilda ndiye aliyesogea, bila kuombwa, akaishika miguu ya yule ndege kwa nguo ya mtoto mpaka nyuzi zikaisha. Tulimtia kwenye tenga, juu tukafunga gunia.

Siku iliyofuata, Ijumaa, balozi alipita barazani kwetu asubuhi. Bi Sitara alimwambia kipanga yumo ndani ya tenga chini ya kitanda chake, akitaka kuhakikisha aingie. Hakuingia.

Jumamosi tulipanda basi la Pugu, mimi na yeye na tenga. Kondakta aliuliza tumebeba nini, maana kuku hawaruhusiwi.

"Si kuku."

"Ni nini?"

"Mgeni wangu. Anarudi kwao."

Ndani ya gunia yule mgeni akalia, ki-ki-ki, na abiria wawili wakahama viti. Tuliteremka mwisho wa njia, tukapanda kilima mpaka miti ilipoanza kuwa mingi. Bi Sitara aliweka tenga chini, akafungua gunia, akarudi nyuma. Kipanga hakutoka mara moja. Alituangalia. Halafu akatoka kama alivyokuwa akija, chini chini, kimo cha kiuno, akapita baina ya mashina mawili na hakuonekana tena.

"Haya, umejua nyumba yangu," alimwambia kwa sauti, kuelekea msituni. "Na mimi nakujua."

Nilimwuliza kama anaamini hatarudi. Alisema haamini wala hakanushi, na kwamba mkono unamwuma, twende tukanywe maji.

Mwezi wa Januari alikuja kipanga. Labda ni yule, labda ni mwingine, kwangu mimi wote ni sawa, na hata Bi Sitara hakuweza kuapa. Alitua kwenye ukuta wa jiko. Shomoro wote walikuwa ndani ya miiba, wamenyamaza kimya, na yeye akatembea juu ya kibanda akitafuta tundu, akainua mguu, akautingisha. Alikaa kitambo kirefu. Tetere mmoja alichelewa kuondoka chini akachukuliwa. Bi Sitara aliona, akatukana, na kesho yake akaongeza matawi upande ule na kufungua tundu moja pana kwa chini, kwa ajili ya tetere, lililojipinda kama kona ya ukumbi ili anayeingia kwa kasi agonge. Walichukua miezi miwili kulizoea. Kipanga alikuja mara tatu zaidi, kisha hakuja.

Kipande cha wavu kilichobaki Clotilda alikuja kukiomba mwenyewe, akiwa amebisha hodi safari hii. Alifunika nacho banda la vifaranga. Mwewe walizunguka juu wakachoka. Yeye na Bi Sitara hawakuwahi kuwa mashoga, wala sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake samahani. Lakini Clotilda akianza kuchambua mtama alipitisha makapi juu ya ua wa bati kwenye kikopo, bila neno, na kikopo kilirudi kimeoshwa.

Nilihamishiwa Moshi mwaka wa sabini na saba. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa themanini na moja, nilipokuja mjini kwa semina. Magoti yalikuwa yamemshinda, hapepeti tena. Nilimkuta uani, ngazi imeegeshwa jikoni, mguu mmoja ameshauweka kwenye kipago cha kwanza. Upepo wa kusi ulikuwa umeng'oa bati moja la paa.

"Shikamoo, Bi Sitara. Shuka, mimi nitapanda."

"Marahaba, Mwalimu. Wewe unajua bati au unajua chaki?" alisema, bila kugeuka. "Shika ngazi."

Nikashika ngazi. Alipanda kipago kwa kipago, akipumzika kila kimoja, akiyatukana magoti yake kwa majina, mpaka akafika juu akadai nyundo.